Mabingwa Wawili, Likizo Moja

Mliponiaga kwa keki na soda pale kambini Dubai, mliniomba niwaandikie jinsi kazi ya ulinzi ilivyokuwa kabla yenu. Sasa niko nyumbani Mumias, nina muda wa kutosha na uchungu wa kutosha, kwa hiyo naandika. Anayetaka habari za vyeo na mishahara aniwie radhi. Cheo nilikipata kwa sababu aliyekuwa nacho alichoka kabla yangu, na mshahara mnaujua. Nitaandika habari za miguu, za redio, za Mzee Haji na za mpira. Mpira ndio utakaochukua nafasi kubwa, maana ndio ulionionyesha tulikuwa tunafanya kazi chini ya watu wa namna gani.

Siku ya kwanza nilipangiwa mnara mmoja wa Jumeirah Lake Towers, kwenye mlango wa magari, chini kabisa ambako jua halifiki lakini joto linafika. Viatu nilivyopewa vilikuwa vya kiume. Kampuni ilikuwa imeajiri walinzi wanawake kwa mara ya kwanza na haikuwa imefikiri kwamba na sisi tuna miguu. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Msimamizi wa mnara ule, Mzee Haji, akanikuta hivyo. Alikuwa mtu wa Unguja, mwembamba, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na sauti isiyopanda. Hakunigombeza. Alichukua kadibodi ya sanduku la maji, akaikata kwa ufunguo, akaniambia niiweke ndani ya viatu, na kesho nije na jozi mbili za soksi, moja ya asubuhi na nyingine ya mchana.

“Mlinzi ni soksi, mwanangu,” aliniambia. “Hayo mengine ni sare tu.”

Ni yeye aliyenifundisha redio pia. Ukibonyeza kitufe na kuanza kusema papo hapo, neno la kwanza humezwa, na mara nyingi neno la kwanza ndilo jina la mahali. Kwa hiyo bonyeza, vuta pumzi, ndipo useme. Nimewaona baadhi yenu mkipiga kelele “haraka, haraka, kuna mtu ameanguka,” na hakuna anayejua ameanguka wapi. Mzee Haji alinifundisha pia kwamba mpangaji akikutukana unamtazama mikono, si macho, kwa sababu macho yatakukasirisha na mikono ndiyo itakayokuumiza. Na akanifundisha kusema “inshallah” kwa wale wanaoitaka kesho kazi isiyowezekana. Neno hilo lilinisaidia kuliko mafunzo yote ya leseni.

Agosti moja king'ora cha moto kililia mnarani. Watu walishuka kwa ngazi na mbwa wao, na paka, na madam mmoja na ua lake ndani ya chungu. Zimamoto walikuwa bado wako juu wanatafuta moshi wakati simu ilipotoka ofisini ikitaka ripoti: chanzo cha moto, hasara, na hatua zilizochukuliwa. Nilimwambia aliyepiga kwamba bado hatujui kama kuna moto. Akasema ripoti inatakiwa kwenye mkutano wa saa nne, niandike chochote. Nilicheka siku ile. Nilikuwa mgeni, sikujua kwamba ofisi ile ilikuwa na desturi ya kutaka jibu kabla jambo halijaisha.

Baadaye nikahamishiwa Al Mankhool kuwa msimamizi wa walinzi wa hoteli kadhaa na majengo ya kupangisha, na Mzee Haji akapelekwa Freezone, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, kwenye maghala. Kazi yangu kubwa ikawa kupanga zamu. Hili lishikeni, maana ndilo lililotufunga kamba. Kila lindo lina watu wake na ziada yake ndogo. Mlinzi akienda likizo, pengo lake huzibwa na ziada ya lindo lake mwenyewe. Huwezi kumchukua mtu wa Freezone akazibe Mankhool, wala wa Mankhool akazibe Freezone, kwa sababu vibali vya kuingia ni tofauti na kibali kipya kinakaa ofisini hadi mtu aliyekihitaji awe ameshasahau. Kwa hiyo mwezi wa Desemba, ambapo kila Mkristo kutoka Kenya na Uganda anataka kuwa kwao, kampuni ilikubali kutoa likizo kwa kikundi kimoja tu cha watu, na wote wawe wa lindo moja, ili malindo mengine yabaki kamili.

Pale Mankhool ndipo nilipomkuta Kizito. Kitambulisho kilisema Kizito, lakini kambi nzima ilimwita Ssalongo, jina la heshima ambalo Waganda humpa baba wa mapacha. Alitoka Masaka akimwacha mkewe mjamzito, na habari za wavulana wawili, Wasswa na Kato, zilimfikia akiwa kwenye lango la hoteli. Madereva wote wa teksi wa mtaa ule walijua ndani ya nusu saa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa mabega. Alikuwa na umri mkubwa kidogo kuliko walinzi wenzake, nao walimsikiliza.

Lakini jina lile lilikuwa halijakamilika. Kwao mapacha wakizaliwa hufanyika sherehe ya koo mbili, ukoo wa baba na ukoo wa mama, na baba lazima awepo, akae mahali pake. Mimi ni Mluhya, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Hata kwetu mapacha si jambo la kuchezea, na padri anaweza kusema atakayo. Wavulana walikuwa wameanza kutembea na sherehe ilikuwa haijafanyika. Baba yake Ssalongo, ambaye ndiye aliyepaswa kuisimamia, alikuwa amelala kitandani na hali yake ilikuwa inarudi nyuma kila mwezi. Ukoo ukasema Desemba, na kwamba hawatasubiri Desemba nyingine. Ssalongo alihitaji likizo ya Desemba. Hakuhitaji kingine chochote duniani.

Sasa nije kwa Sir. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mkuu wa shughuli zote za ulinzi, Mmarekani mzee, mkubwa wa mwili, aliyependa kupita malindoni kwa miguu badala ya kuketi ofisini. Sir hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo kwa shingo upande, lakini ni kweli. Alijua majina yetu, na siku ya joto kali alikuwa analeta maji mwenyewe. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: mpira wa vyuo vya kwao, ule wanaouchezea mikononi wakiwa na kofia ngumu na kuuita futboli. Sisi tulinyamaza kwa adabu.

Alipokuwa mwanafunzi, alitueleza, vyuo vilikuwa vingi mno na nchi kubwa mno, kila kimoja kikicheza na majirani zake, wala hapakuwa na fainali. Bingwa wa taifa alipatikana kwa kura. Kundi moja la waandishi wa habari lilipiga kura yake, na kundi jingine la makocha likapiga yake. Mara nyingi walikubaliana. Miaka mingine hawakukubaliana, na chuo hiki kikaenda nyumbani na kombe lake na kile na lake, na wote wakajiita mabingwa. Ulikuwepo mwaka mmoja wa ujana wake ambao alikuwa akiurudia kila mara. Makocha walipiga kura kabla ya mechi kubwa za mwaka mpya, wakamtawaza bingwa, kisha yule bingwa akaenda akafungwa. Waandishi walikuwa wamesubiri, wakampa ubingwa mwingine. “Hadi leo watu wanabishana,” alikuwa akisema, na uso unabadilika rangi. “Hadi leo kuna watu hawataki kukiheshimu chuo changu.” Tulimwonea huruma. Tulidhani tumeelewa chuo chake kilikuwa kipi.

Basi Sir akatuanzishia ligi. Kila lindo timu yake, na uwanja ni ule wa mchanga nyuma ya kambi. Zawadi ikawa ndiyo iliyotutoa roho: timu bingwa itapata ile likizo ya Desemba. Shida ikaja kwenye ratiba, nami nilikuwa mmoja wa walioipanga. Timu mbili haziwezi kupumzika siku moja bila malango kubaki wazi, kwa hiyo tulicheza tulipoweza. Timu moja ilicheza mechi nyingi, nyingine chache, na hakuna hesabu ya pointi iliyoweza kuwa ya haki. Sir alifurahi sana kuona hivyo. Akasema jibu analo, amelitoa kwao: kura. Wasimamizi wa malindo watapiga yao, isipokuwa kwamba hakuna anayeruhusiwa kuipigia timu yake, na manahodha watapiga yao baada ya mechi ya mwisho. Wasimamizi hawangeweza kusubiri mechi ya mwisho, kwa sababu orodha ya likizo ilitakiwa makao makuu mapema. Miaka ya mwanzo kura zote mbili zilichagua timu ile ile, na hakuna aliyeuliza ingekuwaje kama zingetofautiana.

Mwaka ule Ssalongo alikuwa nahodha wetu. Alicheza nyuma, katikati, na hakupiga kelele uwanjani. Alipiga mluzi kwa vidole viwili na kila mtu alijua anaambiwa yeye. Aliwafanyisha wenzake mazoezi kwenye maegesho ya kambi, kati ya mabasi, na aliyelalamika kuhusu magoti aliambiwa akalalamike Januari. Kila tulipokutana asubuhi kwenye makabidhiano ya zamu aliniuliza, kwa lile neno lao la kumheshimu mwanamke, “Nyabo, Desemba bado ipo?” Nami nilimjibu kwamba hadi jana ilikuwapo. Ndivyo tulivyosalimiana miezi ile yote.

Tulishinda karibu kila mechi. Tatizo ni kwamba walinzi wa hoteli hutoka zamu alfajiri, kwa hiyo tulicheza Ijumaa jua likichomoza, mbele ya mpishi wa kambi na paka wawili. Freezone walicheza jioni, chini ya taa, wakati wasimamizi wenzangu wamekwisha kuoga na kunywa chai, wamekaa kwenye viti vyao pembeni ya uwanja. Vijana wa Freezone walicheza vizuri, sisemi hawakucheza. Tena kila bao lao lilirekodiwa kwa simu, likatumwa, likatazamwa makazini kote. Mabao yetu yaliletwa kwa maneno ya mdomo. Nilipomlalamikia Mzee Haji, ambaye Freezone ilikuwa timu yake, alinijibu bila ubaya: “Asiyekuwepo na lake halipo, mwanangu. Waambie wacheze jioni.” Alijua kama nilivyojua mimi kwamba jioni walikuwa kazini.

Ikabaki mechi moja, Mankhool na Freezone, ambao walikuwa hawajakutana msimu mzima. Lakini kabla ya mechi ile wasimamizi tukaitwa tupige kura. Nilisimama nikasema tuahirishe, timu mbili bora zinakutana Ijumaa, tusubiri tuone. Mmoja akaniambia madam, orodha inaondoka kesho, khalas, mambo yamekwisha. Wengine wakatazama saa. Mtu aliyekuwa ametoka zamu hakutaka mjadala, alitaka kitanda. Kura zikahesabiwa na Freezone wakawa mabingwa wa wasimamizi. Wengi waliowapigia walikuwa hawajaiona Mankhool ikicheza hata mara moja.

Ijumaa tuliwafunga mbili bila. Safari hii kambi nzima ilikuja kutazama, hata wale waliokuwa na zamu ya mchana waliamka. Bao la kwanza lilikuwa la kona, kichwa cha Ssalongo mwenyewe. La pili sikuliona vizuri kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kulia. Freezone hawakupiga hata shuti moja la maana golini kwetu. Beki mmoja wao aliniambia baadaye kwamba walikuwa wanaogopa mluzi wa yule mzee. Mechi ilipokwisha tu manahodha wakapiga kura yao na wote wakatuchagua sisi. Hata nahodha wa Freezone alipokwenda kupiga kura yake alitupigia sisi, na hakuficha.

Ssalongo alipiga simu Masaka pale pale, jasho halijakauka. Sikielewi Kiganda sawasawa lakini nilisikia jina la Desemba, na nikasikia kwamba mtu wa upande wa pili alikuwa mzee, kwa jinsi Ssalongo alivyopiga goti moja mchangani wakati anazungumza. Alimwambia baba yake apange siku. Sikumzuia. Kwa akili yangu, mechi ilikuwa imekwisha kuamua.

Tuliporudi kazini Sir alikuja na makombe mawili. Alikuwa na furaha kama mtoto. Alitukusanya wasimamizi akasema kwamba ligi yetu sasa imekuwa ligi ya kweli, imepata ubingwa wake wa kubishaniwa, kama wa kwao. Mankhool ni mabingwa, Freezone ni mabingwa, hakuna aliyeshindwa. Nikauliza kuhusu likizo. Akasema orodha ilikwisha kwenda, na orodha ni ya Freezone.

Nilianzia kwa Mzee Haji. Nilimwendea maghalani, akanikaribisha kwa kahawa na tende, nikamweleza habari za mapacha na baba anayekufa. Nilimwomba Freezone warudishe likizo kwa sababu walishindwa uwanjani. Akaniambia vijana wake nao wana mama, wameshanunua zawadi, wameshawaambia watoto. Anakwenda kumwambia nani kati yao abaki? Lakini aliwauliza. Mmoja, Mutua, kijana wa Machakos, alisema yuko radhi kumwachia Ssalongo nafasi yake. Nilitaka kumbusu yule kijana. Ila mnakumbuka nilivyowaambia: Mutua akibaki, anabaki Freezone, na pengo la Ssalongo liko Mankhool. Tatizo la kibali likawa lile lile la siku zote. Nayo ziada yangu yote, orodha ilipokwenda bila sisi, ilikuwa imeshapangwa kwa hoteli, maana Desemba hoteli hazilali.

Nikaenda kwa Sir. Nilijiandaa usiku kucha kwa Kiingereza. Nilimwambia nahitaji mtu mmoja tu aende, si timu, na mimi mwenyewe nitavaa sare ya mlinzi nisimame langoni mahali pake hadi arudi. Nilimweleza sherehe, nikamweleza kwamba mzee hatafika Desemba nyingine. Alinisikiliza vizuri. Alivua miwani. Kwa kuwa niliona ameguswa, nikasema lile nililodhani ndilo litakalomaliza kazi. Nikamwambia, “Sir, wewe zaidi ya mtu yeyote unajua maana ya kutawaza bingwa kabla mechi haijachezwa. Walikifanyia chuo chako hivyo hivyo.”

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha.

“Rose,” akasema, “chuo changu ndicho kilichotawazwa.”

Akaendelea, tena kwa upole, kama anayemfafanulia mtoto. Kura ya makocha iliwachagua wao. Ndiyo, baadaye walifungwa, kwa tofauti ndogo sana. Lakini kura ilikuwa imeshapigwa kwa haki, na kura ni kura. Maisha yake yote watu wamemwambia ubingwa ule si wa kweli, na maisha yake yote amewajibu hivyo. “Nikimpa mtu wako likizo,” akasema, “nitakuwa nimesema kura ilikosea. Siwezi kusema hivyo. Elewa, si kwamba sitaki.”

Nilielewa. Hilo ndilo lililoniuma na linaloniuma hadi leo, kwamba nilielewa. Nilitaka anikatalie kwa sababu ya zamu, au hoteli, au kibali, vitu ambavyo mtu anaweza kuvilaani. Badala yake kijana wa Masaka alinyimwa kwao kwa ajili ya mechi iliyochezwa ng'ambo ya dunia kabla hata hajazaliwa, na mzee mzima alikuwa anailinda kama sisi tunavyolinda malango ya watu. Nilitoka bila kuaga. Ni mara pekee katika kazi yangu nilipotoka mbele ya mkubwa bila kusema “thank you, sir.”

Kumwambia Ssalongo ilikuwa kazi ngumu kuliko maiti zote na wezi wote niliokutana nao. Nilimwambia makabidhiano yalipokwisha, nikimshika mkono. Hakusema kitu kuhusu Sir wala Freezone. Aliniuliza tu kama anaweza kupangwa zamu ya mchana siku ile ya sherehe, asije akawa amelala chumbani peke yake. Nikampa. Hoteli iliwavalisha walinzi wa mlango kofia nyekundu za Krismasi, na siku nzima alikuwa anawafungulia wageni mlango na kuwaambia karibuni. Baadhi ya wageni walipiga picha naye.

Ukoo haukuahirisha. Mzee hali yake ilikuwa mbaya na watu wa upande wa mama walikuwa wameshasafiri. Mdogo wake Ssalongo, anayemfuata kuzaliwa, akakaa mahali pa baba. Ssalongo alipotoka zamu alitazama video ya sherehe ndani ya chumba chetu cha chai, mara moja, nikiwa nimekaa kando yake. Mzee alibebwa hadi uani, akawekwa kwenye kiti. Yule mdogo alikuwa amevaa kanzu, na mapacha wamemkalia magotini. Ngoma zilipolia wale watoto walishtuka, wakamkumbatia shingo. Ssalongo aliifuta video ile kutoka kwenye simu na kwenda kuoga. Mzee alifariki Januari. Hapo mdogo akawa ndiye mwenye kauli nyumbani, maana ndiye aliyekuwepo.

Ssalongo alipata likizo yake ya kawaida msimu wa mvua, wakati hakuna anayeitaka. Alikaa Masaka siku chache kuliko alizoruhusiwa, akarudi. Sikumuuliza kwa nini. Ligi iliendelea msimu mmoja zaidi, lakini Mankhool hatukuingiza timu, kisha Sir akastaafu na ligi ikafa. Kwenye hotuba yake ya kuaga alisema kumbukumbu yake nzuri kuliko zote Dubai ni ule mwaka wa mabingwa wawili. Wasimamizi walipiga makofi. Mzee Haji, aliyekuwa kando yangu, hakupiga. Tulibaki marafiki hadi aliporudi Unguja, ila habari ya mechi ile hatukuigusa tena, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Kombe letu lilikaa ofisini kwangu mpaka nilipohama ofisi, kisha sijui lilikwenda wapi. Ssalongo hakuwahi kulishika.

Mnajua kwamba bado yuko hapo, kwenye mlango ule ule. Ninyi mnamwona mzee asiyependa mpira, anayezima televisheni ya chumba cha chai mechi ikianza, na mmekuwa mkinung'unika. Nimeandika haya yote ili muache kunung'unika. Nawaambia pia, siku mtakapokaa ninyi kwenye viti vya wasimamizi, na mtu akawaambia orodha inaondoka kesho, mwambieni ingojee. Sitegemei kwamba mtafanya hivyo. Mtakuwa mmechoka, kama tulivyokuwa tumechoka sisi.

Siku niliyoondoka aliniomba anisindikize hadi uwanja wa ndege, akabeba mizigo yangu yote na kunikataza kushika hata mkoba. Tulifika mapema, tukakaa tukanywa chai ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi. Nikamuuliza habari za Wasswa na Kato. Alisema ni wazima, ni warefu sasa, sauti zimekuwa nzito. Akasema juzi walimpigia simu, jambo ambalo si la kawaida, wakamwambia wanatamani kuja kuiona Dubai shule zikifungwa. Nikafurahi, nikamuuliza watakuja lini.

“Sijui, nyabo,” akasema. “Waliniomba niwaombee ruhusa kwa baba yao.”

Nilidhani nimemsikia vibaya. Nikamwambia, lakini baba yao ni wewe.

Alizungusha kikombe mkononi. “Nilimpigia mdogo wangu, nikamwomba,” akasema. “Amesema atafikiria.”